Bibi hakuifurahia sabuni yetu. Tumekosea wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni vijana sita tunaosoma chuo hapa Dodoma. Mwaka jana, Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, tulikwenda kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino kumtembelea bibi anayeishi peke yake. Tulimpelekea sukari, sabuni na kanga, tukapiga naye picha. Tuliporudi mwezi uliopita alitukaribisha vizuri, lakini alipouona mfuko wa sabuni alisema, “Ile ya kwanza bado ninayo,” kisha akanyamaza. Tuliondoka wanyonge. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba, wanangu. Safari yenu ilikuwa ya heri na sitaki muiache. Nadhani bibi aliwaambia ukweli kwa upole: sabuni ya mtu mmoja haiishi upesi, lakini siku zake tangu Oktoba zimekuwa ndefu, na hakuna aliyeketi mkekani kwake.

Mama yangu mdogo aliishi hivyo kule Mpwapwa, mjane ambaye watoto wake wote walikwenda kutafuta maisha. Kijana wa jirani alikuwa akimchotea dumu moja la lita 20 kila Jumamosi. Alilitua, akaaga, akaondoka. Siku moja alimkuta akipeta uwele, akaomba ungo ajaribu, akamwaga karibu nusu, na mama akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamshika mikono kumwonyesha jinsi ungo unavyotikiswa. Tangu siku hiyo alimfungia karanga za kukaanga kwenye pindo la kanga, na ikifika saa nne asubuhi kijana hajatokea, hutoka nje kuangalia njia. Nilizoea kumshukuru yule kijana kwa maji. Sasa najua kwamba kilichompunguzia mama upweke ni zile karanga, maana alipata tena mtu wa kumwekea kitu.

Kwa hiyo nendeni wawili wawili kwa zamu, siku ileile ya juma, ili bibi ajue ni lini atawaona. Kama ni Mgogo, msalimuni “mbukwa” kabla ya lolote. Pikeni naye mlenda, mwacheni awakosoe, na akiwapa kitu kipokeeni kwa mikono miwili hata kama mnaona hana cha kutoa. Picha zisubiri mpaka aridhie mwenyewe. Mkifunga chuo, muageni na kumwambia mtarudi lini, kwa kuwa mzee aliyezoea kutembelewa huumia zaidi wageni wanapokatika bila neno.

Jambo moja la ofisini pia liangalieni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo, lakini wengi hawana kitambulisho kwa kukosa wa kuwafuatilia. Muulizeni, na akiridhia, msindikizeni mmoja wenu hadi ofisi ya kijiji.

Mwisho, mvua za Dodoma kwa kawaida huanza Desemba. Ikiwa bibi bado analala kwenye tembe, paa la udongo linahitaji kukarabatiwa kabla ya hapo. Muulizeni udongo unaofaa huchimbwa wapi, naye akae kivulini awaelekeze.