Wakorea Wanatugombanisha: Barua za Wasomaji

Haya jamani, baridi ya mwezi wa saba imewafungia watu ndani na naona kazi imekuwa moja tu, blanketi na sizoni za Kikorea. Barua za safari hii karibu zote ni Wakorea, Wakorea, Wakorea. Nimechagua chache, ndefu nimezipunguza na matusi nimeyatoa, mjue tu kwamba niliyasoma.

*Anti shikamoo. Mi nauza mitumba hapa Mwanjelwa. Nimemaliza Reply 1988 usiku wa kuamkia leo na mpaka sasa nina hasira hata chai haipiti. Hivi kwanini Deok-sun kaolewa na Taek wakati Jung-hwan ndo kampenda mwanzo? Kaka wa watu alikuwa anamsubiri asubuhi ili waende shule pamoja, kwenye basi anamkinga na mikono asibanwe, halafu anatokea Taek, mtu ambaye kazi yake kucheza tu yale mawe meusi na meupe, ndo anapewa mke. Jung-hwan kakosa nini? — Mwenye Hasira, Mwanjelwa*

Marahaba mwanangu, kwanza kunywa chai.

Hauko peke yako, huko Korea kwenyewe hii kitu ilipokuwa inaonyeshwa mwishoni mwa 2015 mpaka Januari 2016 watu waligawanyika kambi mbili, wa Jung-hwan na wa Taek, na waandishi walifanya makusudi kabisa maana tangu mwanzo wanakuonyesha Deok-sun mtu mzima kakaa na mumewe wanasimulia na hawakwambii huyo mume ni yupi kati ya wale vijana wa mtaani Ssangmun-dong. Ni mtindo wao, walishafanya hivyohivyo kwenye Reply 1997 na Reply 1994. Kwahiyo hasira yako ilishapangiwa bajeti mapema.

Ila sasa tuongee ukweli. We unasema kampenda mwanzo, sawa, nani alijua? Mimi na wewe tulijua kwasababu kamera ilituonyesha macho yake. Deok-sun hakuwa na kamera! Alichokuwa anakiona yeye ni mkaka anayemnunia, akimpa shati anakuja kuliona limevaliwa na kaka mtu. Rudia ile sehemu ya tamasha la muziki, Deok-sun kaachwa kwenye mataa na mtu aliyetakiwa kwenda naye, Jung-hwan kaingia kwenye gari anakimbiza, taa nyekundu inamzuia, anafika anamkuta Taek kashafika. Na Taek hakuwa anazurura bwana, kaacha mechi yake, mtu ambaye mchezo ndo kazi yake na ndo jina lake. Na Jung-hwan mwenyewe palepale anakiri moyoni kwamba kosa si la taa za barabarani, ni kusitasita kwake. Yani mwenye kesi kashakubali kosa we wakili bado unakata rufaa.

Halafu kuna kitu nimekigundua kwa hawa wanaume wa pili kwenye sizoni zote, sio huyu tu, hata Han Ji-pyeong wa Start-Up aliyewaliza watu 2020. Mwanaume wa pili tunampenda kwasababu hatujawahi kumuona akiishi na yule dada. Steringi tunamuona anagombana, anachelewa, anasema ujinga, anaomba msamaha, wa pili yeye kazi yake kusimama mbali na mwavuli anateseka vizuri. Hajapewa nafasi ya kumuudhi mtu. Mpe miezi sita kwenye chumba kimoja na sebule pale Soweto ya Mbeya, jiko la mkaa na maji ya zamu, ndo utajua kama ni mume au ni picha.

Hata hivyo ile pete Jung-hwan aliyoitoa mbele ya marafiki akasema yote ya moyoni halafu akageuza kuwa utani, hapo hata mimi nililia. Mimi sio jiwe.

*Dada habari za kazi. Mi ni dereva wa Fuso, makazi yangu Makambako. Mke wangu kaangalia sizoni inaitwa When Life Gives You Tangerines na tangu hapo amani hakuna. Kila nikirudi safari naambiwa Gwan-sik angefanya hivi, Gwan-sik angefanya vile. Sasa kubwa kuliko ni hili, nyumbani kwetu tunaishi na wazazi, mimi na mzee tunakula sebuleni, wanawake na watoto wanakula jikoni, ndo tulivyokuta. Mke wangu anataka tukae wote. Mama yangu ambaye ni mtu wa Tukuyu kashangaa sana, anasema enzi zao mkamwana hata kupishana njiani na baba mkwe hakuna, anakwepa anapita porini. Huyo Gwan-sik ni nani hasa na ana miaka mingapi ndoani? — Dereva, Makambako*

Pole shemeji, na pole ya barabara.

Gwan-sik ni mvuvi wa kisiwa cha Jeju, sizoni yenyewe ilitoka Machi 2025, inamfuata yeye na mkewe Ae-sun toka watoto mpaka uzeeni. Tangu mdogo anamuuzia Ae-sun kabichi zake sokoni huku dada mwenyewe anasoma kitabu. Kuna mahali kapanda meli anaondoka kisiwani, akamuona Ae-sun ufukweni, akajirusha baharini akaogelea kurudi. Hiyo we usiige, una gari la watu.

Sasa mkeo anakusumbua kwa ajili ya sehemu moja ndogo tu na ndo sehemu kali kuliko zote. Pale ukweni kwa Ae-sun wanawake wanakula meza yao, wanaume meza yao, kama kwenu. Gwan-sik hakusimama kutoa hotuba, hakumgombeza mama yake wala bibi yake, aligeuka tu. Kampa mgongo meza ya wanaume akala anatazamana na mkewe. Basi! Na ujue hapo ni Korea ya zamani, mila zinabana kwelikweli, usije ukadhani kwao kulikuwa rahisi kuliko Makambako.

Mama yako yuko sahihi kwa anayoyajua. Wanyakyusa wa zamani walikuwa wakali sana kwenye mkamwana kumkwepa baba mkwe na haikuwa dharau, ilikuwa ndo heshima yenyewe, kwahiyo usiende kumwambia mama mila zake mbaya eti kwa sababu ya mvuvi wa kwenye televisheni. Mzee aendelee kula sebuleni kwa raha zake. Wewe beba sahani yako nenda jikoni. Moto uko huko, watoto wako huko, na Makambako na lile upepo mi sioni mnafuata nini sebuleni. Anza siku moja uone mkeo atamtaja tena nani.

Na yeye mwambie hivi kwa niaba yangu: Gwan-sik aliandikwa na mtu kwenye meza, kila neno lake limefutwa likaandikwa tena. Wewe unaongea baada ya kushusha mzigo Songea umelala kwenye kabini. Asikupime kwa maneno, akupime kwa kugeuka.

*Anti tulikuwa saluni Kihesa tunasuka wakaweka The World of the Married. Mwenzangu akasema yule binti Yeo Da-kyung angekutana naye Iringa hii angemchana nywele moja moja, mi nikasema mbona mume humsemi, tukagombana mpaka msusi akazima TV. Nani mwenye makosa? Na kwanini yule mke daktari hakuwapeleka polisi? — Nusu Kichwa Kimesukwa, Kihesa*

Mwenye makosa ni aliyeweka kiapo. Da-kyung ana lake lakini hakuwa na ndoa na daktari Ji Sun-woo, aliyekuwa nayo ni Lee Tae-oh, yule anayepiga kelele eti kupenda sio kosa. Na mbona hamkumtaja mtoto hata mmoja wenu? Jun-young ndo aliyeumia kuliko watu wazima wote mle ndani, mpaka anakimbia nyumbani. Watu wanasuka wanagombania mchepuko, mtoto wa watu yuko barabarani.

Polisi asingeweza kwenda. Zamani Korea Kusini uzinzi ulikuwa jinai kabisa, mtu anafungwa, lakini Februari 2015 mahakama yao ya katiba ikaifuta ile sheria na sizoni hii ni ya 2020. Kilichobaki ni kudai fidia mahakamani, jambo ambalo hata sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu, mwenye ndoa anaweza kumdai fidia yule aliyezini na mwenzie. Wengi hamjui, mnakimbilia kuchana nywele.

Mwenzako sio wa kwanza lakini. Han So-hee aliyeigiza Da-kyung alitukanwa sana mitandaoni kipindi kile, watu wamesahau kwamba ni kazi. Episodi ya mwisho ilifika asilimia 28 na ushee ya watazamaji, hakuna sizoni nyingine ya televisheni za kebo Korea iliyokuwa imefika hapo, sasa piga hesabu ni watu wangapi walikuwa na hasira kwa mpigo. Na sasa niwachekeshe. Yule aliyeigiza Lee Tae-oh, mume tuliyemlaani wote, anaitwa Park Hae-joon, na ndo huyohuyo anayeigiza Gwan-sik wa utu uzima kwenye ile sizoni ya mke wa dereva hapo juu! Na Gwan-sik wa ujanani ni Park Bo-gum, ambaye ndo Taek aliyemuudhi mwenzenu wa Mwanjelwa. Mnawachukia na kuwalilia watu walewale. Mimi nilipogundua nilikaa chini.

*Mwanangu hujambo. Mimi ni bibi, nipo Tukuyu. Vijana mnaongea hizi mpya lakini mimi ninayo Jumong, mjukuu kaniwekea kwenye flashi, nimeiangalia yote 81. Swali langu ni moja. So Seo-no katoa mali ya baba yake, katoa askari wake, kajenga nchi pamoja na Jumong, halafu mke wa kwanza anarudi na yeye anafungasha anaondoka na watoto wake. Hiyo ni haki? Huku kwetu mwanamke aliyejenga nyumba haondoki. — Bibi wa Migombani*

Shikamoo bibi. Mpaka hapa hii ndo barua niliyoipenda.

Haki haikuwepo bibi, na nadhani waandishi walijua. Shida yao ni kwamba mikono ilikuwa imefungwa. Jumong ni mfalme ambaye Wakorea wanamhesabu kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo, mwaka 37 kabla ya Kristo kwa masimulizi yao, na kitabu chao cha kale cha historia kilichoandikwa mwaka 1145 kinasimulia kwamba Yuri, mtoto wa mke wa kwanza, alipomfuata baba yake akafanywa mrithi, Biryu na Onjo, wale watoto wa So Seo-no, wakaondoka kwenda kusini, na huko Onjo akaanzisha ufalme wa Baekje. Sasa sizoni ya 2006 itafanyaje, imbakize So Seo-no nyumbani wakati kila mtoto wa shule Korea anajua walienda kusini? Wasingeweza. Walichoweza ni kuamua anaondokaje. Angeweza kuondoka anafukuzwa, analia, analaani, wao wakamfanya aamue mwenyewe mapema kabla watoto wa mama wawili hawajaanza kugombea kiti. Anaondoka na kichwa juu, anaenda kuanza nchi nyingine.

Mimi wa kumlaumu pale ni Jumong. Mwanaume kapigana na majeshi ya Han ya Wachina episodi kwa episodi haogopi kitu, ikija habari ya wake wawili anakaa kimya wanawake wamalizane wenyewe. Ye So-ya, yule mke wa kwanza, naye tusimseme, kapotea na mtoto miaka, kateseka, angekaa huko huko? Wote wawili walikuwa na adabu kuliko mfalme. Na hapo kwenye kujenga nyumba bibi umenimaliza, ila siku hizi hata huku wanaondolewa, mwambie mjukuu hati iandikwe majina mawili.

*Anti, nasoma chuo hapa Iringa. Mpenzi wangu tukigombana ananishika mkono kwa nguvu ananivuta mbele za watu. Nikilalamika anasema mbona Gu Jun-pyo ulimpenda. — Mwanachuo*

Boys Over Flowers ni ya 2009, na Gu Jun-pyo pale mwanzo ni mtu anayewapa wenzie kadi nyekundu ili shule nzima iwaonee, hicho ndo kielelezo alichochagua? Hata Wakorea wenyewe walishaanza kuzisema zile za kuvutana mikono na waandishi wengi wameziacha. Umempenda Lee Min-ho aliyemuigiza, uso na nywele, hukusaini kuvutwa. Mwambie mara moja, akirudia achana naye, na umwambie na dada yako au mlezi hapo chuoni, usikae nalo peke yako.

*Dada, eti Hyun Bin na Son Ye-jin wa Crash Landing on You ni mume na mke kweli au wananidanganya? Nina mabango mawili dukani, lao na lile la Descendants of the Sun, nataka kujua kama nayaacha. — Mama Duka, Mbalizi*

Ni kweli, walioana Machi 2022 na Novemba mwaka huohuo wakapata mtoto wa kiume. Hilo liache. Song Joong-ki na Song Hye-kyo wa Descendants of the Sun nao walioana, Oktoba 2017, ila 2019 wakaachana na kaka kashaoa kwingine, kwahiyo la pili kata katikati uuze nusu nusu.