Gitaa kavu likichomekwa kwenye mikisa linalia kama kopo, usiliuze kwanza

Mkuu aliyeuliza kwanini gitaa lake kavu (lile la boksi) mkononi tamu ila likiingia kwenye mikisa linageuka kopo, na je anunue pedali ya kidijitali, kile kisanduku cha kurekebisha sauti, au auze gitaa. Usiuze, gitaa halina kosa. Kosa ni piezo, ile pikapu (kinasa sauti) iliyolala chini ya mfupa zinapopita nyuzi, inasikia zaidi mkandamizo wa nyuzi, boksi na hewa ya kwenye tundu haivisikii vizuri, ndo maana ukikaza mkono inalia kama bata.

Hizi pedali zinakurudishia sauti ya boksi. Fishman kwenye pedali yao ya Aura walirekodi magitaa studio kwa maiki nzuri, wakahifadhi tofauti ya maiki na pikapu, wenyewe wanaita imeji. Pedali ya ToneDexter unaifundisha mwenyewe kwa kupiga gitaa lako mbele ya maiki, Voiceprint ya LR Baggs inatumia iPhone kulisikiliza. Yamaha na SRT yao, mfumo wa aina hiyo hiyo, wameweka humo humo ndani ya gitaa.

Mimi nilipata Aura ya mtumba. Gitaa langu boksi dogo, ila nyumbani nikachagua imeji ya dreadnought, yale magitaa ya boksi kubwa, sababu ina besi, nobu ya kuchanganya imeji na piezo nikasukuma mpaka mwisho upande wa imeji, nikaenda nayo harusini Ipagala. Aisee. Bibi harusi anaingia, mimi nagusa uzi wa tano, monita, ile spika inayomwangalia mpigaji, ikaanza kukoroma hoooom, maana ukirudisha boksi unarudisha na ule mvumo wake wa kule chini kwenye 100 Hz, ndo huo huo monita inaupenda. Fundi mitambo akanizima, nikabaki napapasa nyuzi kama naigiza mpaka maharusi wanakaa.

Siku hizi nachagua imeji ya umbo la gitaa langu, nobu haivuki theluthi, iliyobaki piezo yenyewe, kwenye monita nakata hiyo 100 Hz na tundu nalifunika na kile kifuniko cha mpira. Ila kabla hujatoa hela badili betri ya volti 9 ya kwenye gitaa, wengi wanalia kumbe betri imechoka tu. Na kwa hapa Dodoma kiangazi mbao inasinyaa, nyuzi zinashuka zinagonga freti, hiyo hakuna pedali ya kuificha, weka sponji yenye unyevu kwenye kesi.

Yule fundi wa Ipagala juzi kaniuliza maiki nimeificha wapi, sikumwambia.