Kabla ya Mahakama: Maswali Yenu Kuhusu Usuluhishi

Swali: Jirani amejenga ukuta ukaingia kwangu. Kiwanja hakijapimwa. Baraza la Kata limetusikiliza mara mbili, na sasa wajumbe wanasema wiki ijayo watasoma hukumu. Wana uwezo huo? *Msomaji, Mbagala*

Jibu: Hawana. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kuwasuluhisha, basi. Linakaa na wajumbe watatu, mmoja wao angalau awe mwanamke, na likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha kwamba suluhu haikupatikana. Hati hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kufungua shauri wilayani hata bila hati. Kwa hiyo nakala yako ya barua ya malalamiko igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usipokuwa nao, hizo siku 30 utazihesabu kuanzia lini?

Ila usikimbilie wilayani. Kiwanja kisichopimwa hakina bikoni, yaani alama za mpaka zinazowekwa na wapimaji. Mpaka wake unakaa vichwani mwa watu, na watu wanahama, wanazeeka, wanakufa. Omba kikao kifanyikie palepale penye ukuta, si ofisini. Waitwe majirani wa pande zote, aliyekuuzia kama yupo, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nenda na hati ya mauziano na futi kamba ya mita 30 au 50. Anayesema mpaka ni minyaa iliyokatwa, aonyeshe visiki.

Mkielewana, msiandike "tumekubaliana kila mtu aheshimu mpaka wake". Sentensi hiyo ndiyo inayozaa kesi ya pili. Andikeni hivi: "Mpaka unaanzia kona ya kaskazini ya jiko la fulani, unanyooka mita 14.5 hadi kwenye nguzo ya zege iliyosimikwa leo. Ukuta uliozidi sentimita 60 utavunjwa na aliyeujenga, kwa gharama zake, kabla ya tarehe fulani." Chora na mchoro, hata wa mkono. Nguzo isimikwe siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi. Kama nyumba ni ya mke na mume, wote wawili wasaini. Kama ni ya mirathi, asaini msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa kwa sababu tu ndiye anayeishi pale. Makubaliano mengi huvunjikia hapo: ndugu aliyekuwa safarini anarudi na kusema yeye hakuulizwa.

Swali: Wiki tatu zimepita tangu niachishwe kazi. Meneja rasilimali watu ananiomba nisiende kokote, tulimalize ndani. Nimsubiri? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Msubiri ukiwa umeshafungua lalamiko. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Kama kazini kuna rufaa rasmi na uliikata, hesabu inaanzia siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Maneno ya simu ya "njoo Jumatatu tuongee" si rufaa, na hayasimamishi siku. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na hakuna uhakika wa kukubaliwa.

Jaza fomu CMA F.1 na uisaini. Mpe mwajiri nakala, naye asaini kwamba ameipokea, kisha peleka yako tume pamoja na uthibitisho huo. Kufungua ni bure. Kwa aliyeachishwa kazi kuna sehemu B ya fomu, wengi huiruka. Sehemu ya unachodai usiandike "haki zangu zote". Taja kimoja kimoja na kiasi chake: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo, notisi, fidia. Usichokidai kwenye fomu usitarajie kukidai mbele ya safari.

Msuluhishi wa tume ana siku 30 za kuwasuluhisha, labda mkubaliane kwa maandishi kuongeza. Yeye hatoi hukumu juu ya nani mkosaji, na unachokiri au kupunguza mbele yake hakitumiki dhidi yako kwenye hatua ya uamuzi usuluhishi ukishindikana, kwa hiyo taja kiasi bila woga. Lakini hudhuria: usipofika, lalamiko laweza kutupwa. Mkikubaliana milioni tatu, hati iseme kama ni kabla au baada ya kodi, zinaingia akaunti ipi, tarehe ngapi, na cheti cha utumishi kinatolewa lini. "Zitalipwa kwa awamu" bila tarehe ni ahadi tu.

Swali: Wazee wa pande zote wamekaa nasi mara tatu, ndoa haiponi. Mume haitikii wito wa baraza. Barua ya wazee inatosha kudai talaka mahakamani? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Haitoshi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la jumuiya ya dini lililoidhinishwa. Hati hiyo isiwe imepita miezi sita tangu itolewe siku unapofungua shauri. Kuna wanaoiweka kabatini mwaka mzima kisha wanarudishwa kuanza upya. Mawakili hawaruhusiwi ndani ya baraza hilo.

Mume akikaidi kwa makusudi, hilo halikufungi: sheria inakuruhusu kwenda mahakamani hata bila hati. Liombe baraza liandike kwamba aliitwa na hakufika, na utunze nakala za wito.

Kama kuna kipigo, usiketishwe naye meza moja kwanza. Anzia dawati la jinsia polisi, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa), nenda hospitali. Mjumbe akikwambia "vumilia, mtayamaliza nyumbani", chukua PF3 hivyohivyo.