Kipimo ni kilekile, mbona mwanangu anayumba?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 7 alianguka kutoka juu ya mwembe akaumia ubongo, na siku hiyohiyo akapata degedege. Tuliruhusiwa na fenitoini ya maji, dawa ya kuzuia degedege, naye akaendelea vizuri wiki 3. Sasa chupa inakaribia kwisha: anayumba akitembea, anasinzia mchana na macho yanachezacheza, ilhali sijabadilisha kipimo. Je, nimpunguzie nusu?
Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Usipunguze wala kukatisha dawa mwenyewe, kwa kuwa ikikatwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Mpeleke hospitali leo, kabla ya dozi inayofuata, ukiwa na chupa yenyewe na kijiko unachopimia.

Dalili ulizozitaja ni za fenitoini iliyozidi mwilini, na maneno yako kwamba chupa inakaribia kwisha yamenishtua. Dawa hii ni unga unaoelea kwenye maji, nao hutuama chini chupa ikikaa, hivyo isipotikiswa vizuri kila mara mtoto hunywa dawa hafifu mwanzoni na kali mno mwishoni. Kijiko cha nyumbani nacho hakiaminiki. Omba bomba la kupimia dawa lenye alama za mililita.

Jingine ni mwili wenyewe. Siku za mwanzo baada ya jeraha kubwa, ini huweza kuivunja dawa kwa kasi, na lishe ya mpira wa puani hupunguza kiasi kinachofyonzwa, kwa hiyo dozi huenda ikaongezwa. Mtoto akishapata nafuu na kula mwenyewe, dozi ileile inaweza kumzidi. Tena ini likifikia kikomo chake, nyongeza ndogo tu hupandisha sana kiwango cha fenitoini katika damu. Omba kiwango hicho kipimwe pamoja na albumini, protini inayoibeba, kwani albumini ikipungua, kiwango cha jumla cha dawa katika damu huonekana cha kawaida wakati dawa iliyo huru, yaani isiyoshikwa na protini hiyo, ambayo ndiyo inayofika ubongoni, imezidi.

Uliza pia kama bado anaihitaji. Fenitoini husaidia kuzuia degedege la siku 7 za mwanzo, lakini haijathibitika kuzuia kifafa kinachoanza miezi baadaye, na huniuma kumwona mtoto akiendelea kuinywa kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Kusinzia huko kunaweza vilevile kutokana na damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu. Ndiyo maana nasisitiza aonwe leo na daktari, ana kwa ana.