Maswali ya Wasomaji: Kuuza Kadi za Zawadi Bila Kutapeliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anayeishi Marekani amenitumia kadi ya zawadi ya Apple yenye thamani ya dola 100. Mimi natumia simu ya Android, hivyo nimeamua kuiuza. Nimempata mnunuzi katika kundi la Telegram, naye ameniomba picha ya namba iliyo nyuma ya kadi ili ahakikishe kwamba ina salio, akiahidi kunilipa mara atakapojiridhisha. Je, nimtumie? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Usimtumie. Kadi ya zawadi haina tofauti na vocha ya muda wa maongezi: plastiki yenyewe si kitu, thamani yote imo katika namba iliyofichwa chini ya utepe wa kukwangua, na anayewahi kuiingiza katika akaunti yake ndiye anayebaki na mali. Kwa hiyo anayeomba namba ili "ahakikishe salio" anaomba kukabidhiwa bidhaa kabla ya kuilipia. Dakika moja inamtosha kuitumia, kisha atakuandikia kwa hasira kwamba kadi uliyompa ilikwisha kutumika na kwamba wewe ndiye tapeli, na hutakuwa na ushahidi wowote wa kumjibu.

Wapo pia wanaotuma kiungo cha ukurasa wa kuangalia salio, ambao umetengenezwa ufanane na wa kampuni yenyewe; namba unayoiandika humo huenda moja kwa moja kwao. Salio liangalie wewe mwenyewe, katika tovuti ya kampuni iliyotoa kadi, na anwani yake uiandike kwa mkono wako. Mnunuzi anaweza kuonyeshwa picha ya kadi uliyoipiga kabla ya kuikwangua, pamoja na risiti ya dukani ambayo tarakimu zake zote umezifunika. Asiyetosheka na hayo mwache aende.

Kabla ya kuhangaika na mgeni, hata hivyo, fahamu mambo mawili. Kadi ya Apple iliyonunuliwa Marekani hufanya kazi katika akaunti iliyosajiliwa Marekani tu, na masharti ya Apple hayaruhusu kadi hizo kuuzwa tena, kwa hiyo mauzo yakiharibika usitarajie kwamba kampuni itakutetea. Ushauri wangu ni kwamba umrudie kaka yako: aitumie kadi hiyo yeye mwenyewe huko aliko, naye akutumie fedha taslimu kwa simu. Huenda ukaona haya kumwambia kwamba zawadi yake haikukufaa, lakini ndugu ataelewa.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mombasa, nawauzia wachezaji wa michezo ya kompyuta kadi za Steam na Google Play. Mteja mmoja alinilipa kwa PayPal, nikampa namba, na baada ya wiki kadhaa akalalamika kwamba hakupokea kitu, fedha zikarudishwa kwake. Je, nibaki na M-Pesa pekee?

JIBU: Pole sana. Ulinzi ambao PayPal huwapa wauzaji hauhusu vitu vinavyohesabiwa sawa na fedha, na kadi za zawadi zimo katika kundi hilo. Mnunuzi naye anazo siku 180 za kufungua malalamiko. Hata mnunuzi asipolalamika, akaunti aliyoitumia inaweza kuwa imeibwa, na mwenye akaunti halisi atakapogundua, fedha zitadaiwa kwako. Kwa biashara ya kadi, malipo ya aina hiyo yapokee tu kutoka kwa watu unaowafahamu vizuri.

M-Pesa ni afadhali, ila nayo ina mitego yake. Wa kwanza ni ujumbe bandia wa malipo, ulioandikwa kwa umbo lile lile la ujumbe halisi lakini uliotoka kwa namba ya mtu binafsi. Usiusome ukaridhika, bali fungua menyu yako uangalie salio. Wa pili hauonekani upesi: mteja analipa kweli, anapokea namba ya kadi, kisha anautuma ujumbe wa muamala kwenda 456, namba ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa malipo, akidai kwamba alikosea namba ya mpokeaji. Maombi ya namna hiyo hutegemea fedha ziwe bado zimo katika akaunti yako, kwa hiyo kwa mteja mpya usitoe namba ya kadi mpaka fedha zake umezihamishia benki, na mazungumzo yote ya mauzo yahifadhi. Mteja akileta "mtu wa kati" wa kushika fedha, kataa, kwa sababu mara nyingi wawili hao ni kitu kimoja.

SWALI: Nasoma chuo Dodoma. Mtu niliyefahamiana naye WhatsApp, anayesema anaishi Kanada, hunitumia picha za kadi za zawadi niziuze, nibaki na asilimia 20 na kumtumia zinazobaki. Analipa bila matatizo. Je, kuna hatari?

JIBU: Ipo, dada yangu, na ni kubwa kuliko ya kupoteza fedha. Jiulize kwa nini mtu mwenye kadi halali aliyeko Kanada akugawie sehemu ya tano ya thamani yake. Huko Marekani matapeli huwapigia simu watu, wengi wao wazee, wakijifanya maofisa wa kodi au mafundi wa kompyuta, wakiwatisha mpaka waende dukani kununua kadi na kuwasomea namba zake. Kwa mwaka 2023 peke yake, hasara iliyoripotiwa kwa Tume ya Biashara ya nchi hiyo kupitia kadi za zawadi ilizidi dola milioni 200. Picha unazotumiwa zina kila dalili ya kutoka huko, na kazi unayopewa ni kuzisafisha fedha hizo.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na jina litakaloonekana katika miamala ni lako, si lake. Acha leo. Usimtumie kiasi chochote kilichobaki mkononi mwako, usifute mazungumzo yenu hata akikusihi, na uyapeleke polisi ukiwa na mzazi au mlezi wako. Akianza kukutisha kwa kutumia laini ya hapa nchini, namba hiyo itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.