Taa ya ABS na VSC zimegoma kuzima, je nitoe balbu?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina gari ya Kijapani, naendesha sana Dar kwenda Iringa. Juzi nimebadilishiwa beringi ya tairi la mbele kushoto, na toka siku hiyo taa ya ABS na ile ya kagari kanakoserereka zinawaka muda wote. Fundi anasema breki si zinashika, achana nazo, au atoe balbu nisiwe naziona. Nifanyeje? – Msomaji, Iringa

JIBU: Dada yangu, nakuomba sana usikubali hiyo balbu itolewe. Breki zinashika kweli, ila wasaidizi wako hawapo kazini: ABS inayozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki, na VSC inayozuia gari isiserereke, ndiyo hiyo taa ya kagari. Hiyo VSC ni jina la Toyota, Honda wanaita VSA, Wajerumani wengi ESP, kazi ni ileile. Kila tairi ina sensa ya spidi, usukani una sensa yake, halafu kuna nyingine inapima gari inavyojizungusha, sasa kompyuta inalinganisha wewe unataka kwenda wapi na gari inaenda wapi. Chukulia unashuka mlima Kitonga mvua inanyesha, umekata kona ya kushoto na mkia unataka kutoka nje, basi inabana breki ya tairi moja tu, la mbele kulia, na inapunguza nguvu ya injini, gari inanyooka wewe hata hujashtuka. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kubana tairi moja.

Mwaka 1997 kule Sweden Mercedes A-Class ikiwa mpya kabisa ilipinduka kwenye jaribio la kukwepa kitu barabarani, kampuni ikaamua kuweka ESP kwenye A-Class zote. Leo Ulaya na Marekani gari mpya haiuzwi bila hiyo kitu.

Sasa tatizo lako. Beringi nyingi za siku hizi zina ringi ya sumaku upande mmoja, ndiyo inayosomwa na sensa. Ikipigwa presi kinyume sensa haioni chochote, kompyuta inazima ABS na VSC pamoja. Mimi naanza kushuku hapo, au waya wa sensa ulivutwa wakati wanafungua. Nenda kwa mwenye mashine ya kupima asome tairi ipi haitoi spidi. Kama beringi imegeuzwa nunua nyingine, maana ikishatolewa kwa presi mara nyingi inakuwa imeharibika, na kabla haijaingia fundi agusishe pini pande zote mbili, upande unaoivuta kidogo ndio unaelekea kwenye sensa. Ikishapona, ukiona taa ya kuserereka inawaka na kuzima sekunde chache kwenye utelezi usiogope, hapo inafanya kazi.

SWALI: Mzee wangu alinifundisha kupampu breki gari ikiserereka, bado nifanye hivyo kwenye gari ya ABS? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana ndugu. Mzee alikuwa sahihi kwa magari yake, ila ABS inapampu yenyewe mara nyingi kwa sekunde kuliko mguu wowote, na ukiachia unaikatisha. Kanyaga kwa nguvu zote, usiachie hata pedali ikitetemeka na kunguruma, huku unakwepa kwa usukani maana tairi hazijafunga. Kwenye lami yenye maji utaona faida yake, lakini kwenye changarawe iliyolegea gari yenye ABS inaweza kwenda mbele zaidi kabla ya kusimama, kwa hiyo barabara za vumbi acha nafasi kubwa na gari ya mbele.