Shemeji ananisomea Kumbukumbu la Torati ili anirithi

Dada yangu,

Pole kwa msiba. Unasema mumeo alifariki mwaka jana akakuachia wavulana wawili na msichana, na kwamba shemeji yako amesimama kwenye kikao cha ukoo, Biblia mkononi, akasoma Kumbukumbu la Torati 25: lazima akurithi, la sivyo uhame shamba. Unauliza kama kukataa ni dhambi.

Si dhambi. Mwambie arudi mstari wa 5 asome polepole. Sheria ile inamhusu ndugu aliyekufa bila mwana, ili mzaliwa wa kwanza abebe jina la marehemu lisifutike katika Israeli. Jina la mumeo halijafutika, mwalimu analiita kila asubuhi akichukua rejista. Na pale ambapo marehemu ameacha mtoto, linabaki katazo la Mambo ya Walawi 18:16: mke wa ndugu yako haguswi. Marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, walilishika hivyo hivyo, hata kama mtoto ni wa kike.

Tena aendelee hadi mstari wa 10, maana wengi hufunga kitabu mapema. Anayebanwa pale ni mwanamume. Akikataa, mjane ndiye anayekwenda langoni kwa wazee kumshtaki, anamvua kiatu na kumtemea mate usoni. Ulikuwa wajibu wa shemeji kwa marehemu. Katika kitabu cha Ruthu, yule jamaa wa karibu alilitaka shamba la marehemu Elimeleki mara moja. Aliposikia linakuja pamoja na Ruthu, mjane wa mwana wa Elimeleki, akavua kiatu mwenyewe akampisha Boazi, jamaa aliyemfuata. Shemeji yako simjui, lakini nikisikia "la sivyo uhame shamba" naelewa kikao kilihusu nini.

Akitaka Maandiko juu ya ardhi, yapo: Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, wakapewa. Msichana wako usimsahau.

Sasa, kwa kuwa uko Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 45, inataka ndoa iwe ya hiari. Chukua cheti cha kifo na barua ya chifu, ufungue mirathi mahakamani. Kikao kijacho usiende peke yako. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote. Na hati ya shamba iko kwa nani? Kama iko kwake, niandikie kabla hujaenda.

Shangazi